Njaa Iliyoandikwa kwa Jina Lingine

Kila ilipokaribia saa kumi na mbili jioni, Aikaeli aliwasha moto jikoni, akabandika sufuria ya maji juu ya mafiga na kuifunika. Maji yalichemka, mfuniko ukatikisika, moshi ukapenya kwenye nafasi kati ya bati na ukuta, ukapanda juu ya migomba mpaka njiani. Watu waliokuwa wakirudi kutoka sokoni Kiboriloni na vikapu vyao kichwani waliuona, wakajua kwamba kwa marehemu Eliudi watu wanakula kama kawaida.

Ndani ya sufuria hamkuwa na ndizi wala maharage. Mlikuwa na maji matupu. Yakishachemka vya kutosha, Aikaeli aliyaipua, akayatumia kumkanda mama mkwe wake miguu.

Aliyaanza hayo mwezi wa tatu, baada ya miaka miwili mfululizo ambayo masika yalikuja kwa kuchungulia na kuondoka. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Alikuwa mwanakwaya wa zamani, mama wa mtoto mmoja, mjane wa mwaka wa sita, na katika kijiji kile cha Old Moshi hakuna aliyewahi kumwona akigonga mlango wa mtu kuomba chumvi.

Wageni wanaopita huko juu hawaioni njaa. Wanaona kijani. Wanaona migomba imesongamana, mibuni chini yake, mfongo unaopitisha maji kandokando ya njia, mlima umekaa kimya na kofia yake nyeupe, na wanasema watu wa hapa wamebarikiwa. Lakini mgomba unaweza kuwa na majani mapana na usizae mkungu wa kumshibisha mtu. Aikaeli alijua siku ambayo wa kwake ulianza kudhoofika. Ilikuwa baada ya ng'ombe wake, Waridi, kufa kwa ndigana. Waridi alipoondoka, maziwa yaliondoka siku hiyohiyo. Samadi ilichukua muda zaidi. Mwaka wa kwanza migomba iliishi kwa ile iliyokuwa ardhini, mwaka wa pili shina likaanza kuwa jembamba, mwaka wa tatu mikungu ikawa midogo, ya kubebwa kwa mkono mmoja. Na kule tambarare, kwenye eka moja aliyoachiwa na mumewe, mahindi yalikauka mara mbili yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele.

Mtoto wake Mathew alikuwa Dar es Salaam, akiendesha bodaboda ya mtu. Alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada.

"Mama, mnakula lakini?"

"Tunakula, baba. Hujui huku ni kwenye ndizi?"

Basi Mathew alicheka, akaridhika. Aikaeli naye alicheka, na alipokata simu alikwenda chumbani kumpa mama mkwe wake uji.

Mama mkwe huyo aliitwa Rachel. Alishapita miaka themanini na mitano, macho yake yalikuwa yameingia ukungu, meno yalikwisha, na katika vyakula vyote vya duniani alikuwa amebakiza hamu ya kimoja tu, maziwa. Aliyaomba asubuhi, mchana na jioni. "Waridi amekamuliwa?" aliuliza, na Aikaeli alimjibu, "Bado, mama," kwa miaka mitatu. Chakula kidogo kilichopatikana alikula Bibi Rachel kwanza. Kilichobaki ndicho kilikuwa cha Aikaeli, na mara nyingi hakikubaki.

Mtu mmoja tu aliijua siri ya sufuria. Alikuwa Ndelilio, dada wa marehemu Eliudi na binti wa Bibi Rachel. Miaka kumi na moja iliyopita alirudi kutoka Mkuu, Rombo, alikokuwa ameolewa, akiwa na mifuko miwili na cherehani. Baba yao alishafariki, na kihamba chote, shamba la ukoo, kilikuwa cha Eliudi. Wanaume wa ukoo walikuna vichwa. Aikaeli ndiye aliyemwambia mumewe jioni, "Mpe ile kona ya chini ya mfongo. Dada yako atalala wapi?" Eliudi akampa. Tangu hapo nyumba mbili zilitumia lango moja, mfongo mmoja na, miaka ya neema, ng'ombe mmoja.

Wanawake hao wawili waliitana wifi na walipendana kwa utani. Ndelilio alikuwa na mdomo. Siku moja ya mwezi ule wa tatu aliingia jikoni bila kubisha hodi, kama kawaida yake, akavuta pumzi kwa pua.

"Wifi, unapika nini kisicho na harufu? Umepika hewa?"

Kabla Aikaeli hajamzuia, aliinua mfuniko. Akatazama. Akaurudisha polepole.

"Hiki cha nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Cha majirani," alisema Aikaeli. "Wenyewe hula kwa macho, tena hawamalizi."

Wakacheka. Walicheka mpaka Ndelilio akaketi kwenye kigoda akijifuta machozi kwa kanga, na kicheko kile hakikujulikana kilipogeuka, kwa sababu baada ya muda wote wawili walikuwa wakilia kweli. Hapo ndipo Aikaeli alipomweleza yote. Alimweleza kwamba huchuma mapapai mabichi na kuyachemsha kama mboga. Alimweleza kwamba kuna siku anakunywa maji ya moto yenye chumvi na kujiambia ni supu. Alimweleza kwamba Jumapili iliyopita alipeleka mkungu kanisani kwa ajili ya mnada wa sadaka, kwa sababu mwaka huu wote hakuwa amepeleka kitu na watu wangeanza kuhesabu, na kwamba alipouona mkungu ule ukinunuliwa na kuondoka na mtu mwingine alitamani kuukimbilia.

"Usimwambie mtu, wifi," alisema.

"Nitamwambia nani?" alijibu Ndelilio, akamshika mkono.

*

Mwezi wa tano balozi wa nyumba zao, Mzee Sirili, alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba Alhamisi watakuja watu wa shirika fulani kutoka mjini kuandika habari za chakula. Watauliza maswali, kila nyumba ijibu.

"Wanaandika ili iweje, mzee?" aliuliza Aikaeli.

"Mimi nimeambiwa nitangaze. Hayo ya ili iweje hawakunipa," alisema Mzee Sirili, akaenda zake.

Jioni hiyo Ndelilio alikuja na kukaa kwenye kigoda kilekile.

"Hao watu nawajua," alisema. "Walipita Mkuu nikiwa kule. Wanaandika majina ya wenye njaa, halafu wanayabandika ukutani ofisini ili watu waje kupanga foleni ya unga. Ukutani, wifi! Jina la kaka yangu libandikwe ukutani kwa ajili ya unga?"

Aikaeli alisogeza kuni motoni. Alilifikiria jina hilo. Eliudi alikuwa mzee wa kanisa miaka tisa. Alikuwa na suti moja ya kijivu ambayo ilizikwa naye.

"Kwa hiyo niseme nini?"

"Useme mnakula. Wapikie. Mtu akila kwako hawezi kuandika kwamba una njaa. Bado una ule mkungu wa ndizi mshare pale nyuma ya banda, si ndiyo? Nyama nitaleta mimi."

"Ule ni wa mama, wifi. Ndio wa mwisho uliokomaa."

"Mama atakula kwangu siku hiyo. Tena nitamchukua asubuhi na mapema. Unamjua, hana kificho. Ataanza maziwa, maziwa, mbele ya watu, na wewe utaficha wapi uso?"

Lilionekana ni jambo la busara. Zaidi ya hapo, lilionekana ni jambo la upendo, kwa sababu Alhamisi asubuhi Ndelilio alikuja kweli na nusu kilo ya nyama kwenye mfuko, akamshika mama yake mkono na kumwongoza polepole kushuka kwenye kona ya chini ya mfongo. Aikaeli aliwatazama wanavyokwenda, binti akimwonyesha mama pa kukanyaga, akajisemea kwamba hata katika dhiki ana wifi.

Kisha akakata mkungu.

Alipika mtori wa ndizi na nyama kama anapika harusi. Alifagia ua, akamwagia maji vumbi likatulia, akatandika kitambaa cha mezani alichokishona kwa mkono enzi za uchumba. Saa nne alifika msichana aliyevaa hijabu ya buluu, mwembamba, mwenye viatu vilivyoshindwa na tope, akiwa na kishikwambi mkononi. Mzee Sirili alikuwa nyuma yake.

"Shikamoo mama. Mimi naitwa Nasrin, natokea Moshi mjini."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Kaa, utaniuliza ukiwa umekula."

Nasrin alitazama bakuli, akatazama pembeni kwa aibu. "Mama, samahani, nyama hii..."

"Ya bucha la Mussa, hapo barabarani. Kachinja mwenyewe, na dua zake zote. Kula mwanangu, huyo ng'ombe ni wa kwenu kabisa."

Nasrin alicheka, akala. Mzee Sirili alikula bakuli la kwanza bila kusema neno. Alipoanza la pili ndipo alipotamka, "Mama Mathew, mkono wako haujazeeka."

Maswali yalikuwa mepesi, na hilo ndilo lililokuwa baya. Aikaeli alikuwa amejiandaa kwa maswali ya kisomi, ya mavuno na magunia. Binti yule aliuliza mambo ya tumboni, tena kwa upole.

"Katika wiki nne zilizopita, mama, kuna siku ulipata wasiwasi kwamba chakula hakitatosha?"

"Hapana."

"Kuna siku wewe au mtu wa nyumba hii mlikula kidogo kuliko mlivyohitaji?"

"Hapana."

"Kuna siku mtu wa hapa alilala bila kula?"

Aikaeli aliiona suti ya kijivu. Aliuona ukuta wa ofisi. Mzee Sirili alikuwa akikwangua bakuli kwa kijiko, na sauti ya kijiko ilijaza chumba.

"Mwanangu," alisema, "hapa ni Uchaggani. Mtu analalaje na njaa kwenye migomba?"

Nasrin alibonyeza kidole chake mara moja, mara mbili, mara tatu. Alishukuru. Akauliza nyumba inayofuata ni ipi, na Mzee Sirili, ambaye bado alikuwa na bakuli, alimwelekeza kwa kidevu. "Hapo chini tu, kwa dada wa marehemu. Tangulia, nakuja."

Hakwenda. Alibaki kumalizia mtori na kumsimulia Aikaeli habari za goti lake.

*

Mwezi wa saba watu waliitwa kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Hapakuwa na unga. Hapakuwa na majina ukutani. Palikuwa na lori, na ndani ya lori mitamba sita wa ng'ombe wa maziwa, wenye mimba, rangi nyeusi na nyeupe, wametulia kama wageni wasiojua lugha ya nyumba.

Aikaeli alisimama nyuma kabisa ya akina mama wenzake. Alipowaona mitamba hao tu, moyo wake ulianza kufanya hesabu ambayo hakuuomba uifanye. Mtamba mmoja, ndoo ngapi za samadi kwa wiki. Samadi hiyo, migomba mingapi. Akizaa, kikombe cha mama asubuhi na jioni.

Mwenyekiti alieleza kwamba mitamba hao walikuwa wa nyumba ambazo uchunguzi ulionyesha kwamba zina uhaba mkubwa wa chakula. Kisha akampa nafasi Nasrin. Msichana alikuwa na hijabu ileile na karatasi mkononi.

"Ndugu zangu, kazi hii tunaifanya kwa namba. Lakini nyumba moja hapa ilinitoa machozi. Mama wa nyumba ile aliniambia kwamba kila jioni anabandika sufuria ya maji matupu na kuifunika, ili majirani waone moshi, wasijue kwamba hapikwi kitu. Nilimuuliza, chakula hicho cha nani? Akaniambia, cha majirani, wenyewe hula kwa macho."

Minong'ono ya huzuni ikapita uwanjani. Mwanamke mmoja akasema, "Eee Yesu."

Aikaeli hakusikia baridi wala joto. Alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka katika kinywa cha mtu mwingine, mbele ya watu mia mbili, moja baada ya jingine, kama vyombo vyake vya jikoni vinavyotolewa nje na kupangwa barabarani.

"Aliniambia," Nasrin aliendelea, "kwamba huchemsha mapapai mabichi. Kwamba alipeleka mkungu kanisani akatamani kuukimbilia. Na mama yake mzazi, bibi kizee asiyeona, alikuwepo pale uani. Alinishika mkono, akaniomba maziwa. Mimi sikuwa nayo. Leo nimeyaleta. Naomba mama Ndelilio apite mbele."

Watu walipiga makofi. Ndelilio alipita katikati yao ameinamisha kichwa, kanga imezunguka mabega, na alipofika mbele alipiga magoti na kulia. Wanawake waliokuwa karibu na Aikaeli walimgeukia.

"Mama Mathew, kumbe wifi yako aliteseka hivyo? Na wewe uko hapo juu tu!"

"Mnatumia lango moja jamani. Hata bakuli la ndizi?"

Mzee Sirili alimtazama kwa namna ya mtu aliyekula mabakuli mawili katika nyumba ile.

Kinywa cha Aikaeli kilifunguka. Kingeweza kusema. Lakini aliona jinsi ambavyo maneno yake yangepokelewa. Angesema, ile sufuria ni yangu, na wangemuuliza, kwa nini basi ulimwambia binti hujawahi kulala na njaa? Angesema, nilidanganya, mbele ya mwenyekiti, mbele ya mchungaji, mbele ya mtamba ambaye tayari kamba yake ilikuwa mkononi mwa Ndelilio. Njaa yake ilikuwa imeandikwa, imethibitishwa na kupigiwa makofi, ila kwa jina la mtu mwingine. Yeye jina lake liliandikwa upande wa walioshiba, na liliandikwa kwa mdomo wake.

Akafunga kinywa. Akapiga makofi.

*

Siku tatu alimngoja Ndelilio. Hakujua angemwambia nini. Alidhani labda angekuja na kucheka, na kusema, wifi, nimetuletea ng'ombe, na kila kitu kingekuwa ni mpango wa wawili ambao yeye tu hakuelezwa mapema. Alimsikia mtamba akilia kule chini. Alimsikia Ndelilio akikata majani kandokando ya mfongo, karibu kiasi kwamba angeweza kumwita bila kuinua sauti. Mmoja hakuita, mwingine hakupanda.

Siku ya nne asubuhi alikuja. Alisimama mlangoni, akabisha hodi. Miaka kumi na moja hakuwahi kubisha hodi.

"Karibu," alisema Aikaeli.

"Sikai, wifi. Nimekuja kumchukua mama."

"Unampeleka wapi?"

"Kwangu. Kesho wanakuja kukagua banda. Kwenye fomu nilisema anaishi kwangu. Wakikuta hayupo, ng'ombe atapandishwa lori apelekwe kijiji kingine."

Aikaeli alikuwa akipepeta mahindi, kilo mbili alizopata kwa kupalilia shamba la mtu. Aliweka ungo chini.

"Ulikuwa unajua," alisema. "Tangu siku ile ya kigoda. Ulijua hakuna unga wala ukuta."

Ndelilio alitazama mafiga. "Kule Mkuu niliwaona. Waliosema wanashiba waliachwa."

"Kwa hiyo ukaninunulia nyama."

"Nyumba mbili za lango moja wasingezipa zote mbili, wifi. Ilikuwa wewe au mimi."

"Ungeniambia hivyo."

"Ningekwambia, ungefanya nini? Wewe una kihamba. Una mtoto wa kiume. Mimi hapa nimekaa kwa hisani. Kesho Mathew akioa, mke wake akisema shangazi aondoke, naondoka na cherehani yangu. Una habari jinsi inavyokuwa kuamka kila siku kwenye nyumba uliyopewa kwa huruma?"

"Huruma hiyo ilikuwa yangu," alisema Aikaeli.

Ndelilio aliifungua kanga yake, akaifunga upya.

"Na sufuria?" Aikaeli aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini kuliko alivyotaka. "Ng'ombe sawa. Mkungu sawa. Lakini sufuria, wifi. Hukuwa na njaa yako mwenyewe ya kuwaambia?"

"Nilikuwa nayo. Ila ya kwako ilikuwa na maneno mazuri zaidi." Ndelilio alijaribu kutabasamu, utani ule wa zamani, ukamfia mdomoni. Halafu akakasirika, kama watu wanavyokasirika wakiona aibu. "Sasa wewe ulitaka kuifanyia nini? Si ulikuwa umeifunika!"

Kutoka chumbani sauti ya Bibi Rachel iliita. "Huyo ni Ndelilio? Waridi amekamuliwa?"

Aikaeli alisimama. Angeweza kukataa. Bibi yule alikuwa mama wa Ndelilio kwa kuzaliwa, lakini ni yeye aliyemwogesha, kumlisha na kumkanda miguu miaka yote hiyo. Akikataa, wakaguzi wangekuta kitanda kitupu kule chini, lori lingerudi, na haki ingekuwa imetendeka. Na mama angebaki hapa, na uji wa kilo mbili za mahindi, akiuliza kila asubuhi kuhusu ng'ombe aliyekufa.

Aliingia chumbani. Akamvalisha sweta, akakunja blanketi na kufungia ndani yake yale mahindi yote, akachukua kile kikombe cha bati chenye ua jekundu alichokuwa akinywea maziwa enzi hizo, akakitia mfukoni mwa sweta.

"Tunakwenda wapi, Aikaeli?"

"Unakwenda kwa Ndelilio, mama. Kuna mtamba."

"Anakamuliwa?"

"Bado. Atazaa mwezi wa kumi."

Bibi kizee alifikiri. "Basi nitamngoja kulekule," alisema, akanyoosha mkono atafutiwe fimbo. Mlangoni aligeuza uso upande ambao alidhani Aikaeli alikuwapo. "Na wewe njoo basi. Utakaa huku na nani?"

"Nakuja, mama," alisema Aikaeli.

Aliwatazama wakishuka, binti akimwonyesha mama pa kukanyaga, vilevile kama siku ile ya mtori. Safari hii hakujisemea kitu.

*

Jioni hiyo alikaa kwenye kigoda jikoni. Saa kumi na mbili ilifika. Kuni zilikuwepo, maji yalikuwepo. Aliitazama sufuria juu ya mafiga. Hakukuwa tena na miguu ya kukanda. Hakuwasha.

Njiani watu walipita na vikapu. Alisikia hatua zikipunguza mwendo mbele ya lango, kisha zikiendelea. Hatimaye fimbo iligonga lango na sauti ya Mzee Sirili ikaita.

"We mama Mathew! Uko salama? Nimeona leo kwako hakuna moshi."

"Shikamoo mzee. Niko salama. Sina cha kupika."

Mzee Sirili alicheka huku akivuta goti lake kuelekea jikoni. "Wewe? Mpishi wa mtori ule?"

"Mtori ule ulikuwa mkungu wa mwisho. Ulikuwa wa mama. Nyama aliinunua Ndelilio."

Kicheko kilikatika. Mzee alisimama mlangoni, macho yakizoea giza la jikoni.

"Na yale aliyoyasema yule binti mkutanoni," Aikaeli aliendelea, taratibu, kama anayesoma fomu, "sufuria ya maji, mapapai, mkungu wa kanisani. Sufuria ndiyo hiyo hapo. Funua, mzee. Usione haya, wenzako walifunua."

Mzee Sirili aliinama na kuinua mfuniko. Ndani palikuwa pakavu. Hapakuwa na mafuta ukingoni, wala ukoko, wala doa la ndizi. Kulikuwa na mistari myeupe tu, mduara juu ya mduara, ya maji yaliyochemka jioni baada ya jioni bila kupikiwa kitu. Alipitisha kidole, kikatoka na unga mweupe kama chokaa.

"Mama Mathew," alisema. "Mbona siku ile hukusema?"

"Ulikuwa unakula, mzee."

Mzee alifuta kidole kwenye suruali. Kule chini ya mfongo mtamba alilia, akadai majani, na sauti ya Ndelilio ikasikika ikimbembeleza.

"Sitaki anyang'anywe," alisema Aikaeli. "Mama yuko kule, anangoja maziwa. Wakaguzi wakija kesho, nyamaza kama nitakavyonyamaza mimi. Lakini wakipita tena wenye maswali, mwaka huu au mwaka ujao, uje nao hapa kwanza. Sitapika. Waandike kwamba Aikaeli, mke wa Eliudi, analala na njaa. Waandike kwa jina langu."

Mzee Sirili alitikisa kichwa kukubali. Alisimama katikati ya jiko baridi, mfuniko ungali mkononi, akiugeuza huku na huku kama mtu asiyejua tena mahali pake.